Kinundu cha Mfupa Chini ya Ukucha

Kijana anayelalamika kuwa kiatu kinamuumiza kidole gumba cha mguu, na ambaye ukucha wake umeinuliwa na kinundu kidogo, mara nyingi huambiwa kwamba ana chunjua, fangasi au ukucha uliozama nyamani. Kinundu hupakwa dawa, huchomwa, hata hukatwa juujuu, nacho hurudi. Hurudi kwa sababu asili yake haimo katika ngozi: ni mfupa wa ncha ya kidole ulioota kinundu chenye kofia ya gegedu. Guillaume Dupuytren, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, aliueleza ugonjwa huu katika karne ya 19, lakini hata leo hutambuliwa kwa kuchelewa.

Uvimbe huu si saratani wala hausambai. Chanzo chake hakijathibitishwa, ingawa wagonjwa wengine hukumbuka kuumia kidole hapo awali.

Uchunguzi huanza kwa kubonyeza. Kinundu hiki ni kigumu kama mfupa na hakisogei. Chunjua haiwi hivyo. Kisha ipigwe picha ya eksirei, kwa mbele na kwa ubavu, kwa kuwa picha ya mbele pekee huweza kukificha. Kinundu kichanga, ambacho sehemu yake kubwa bado ni gegedu, huenda kisionekane vizuri. Dalili zikiendelea, picha irudiwe. Penye kidonda au weusi, melanoma isisahauliwe.

Tiba ni upasuaji. Kidole hutiwa ganzi kwenye shina lake na damu huzuiwa kwa mpira. (Mpira huo uhesabiwe pamoja na vifaa vingine: ukisahauliwa chini ya bandeji, kidole huweza kufa.) Ukucha huondolewa, wote au sehemu yake, nyama iliyo chini yake hutenganishwa na kinundu kwa uangalifu, kisha kinundu hukatwa hadi shinani na mfupa hukwanguliwa. Hapa ndipo upasuaji hufaulu au hushindwa, kwani mabaki ya gegedu huotesha kinundu upya. Nyama hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, na kilichokatwa hupelekwa maabara ya patholojia.

Ukucha wa kidole gumba huchukua takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota tena, na huenda ukaota ukiwa umepinda. Mgonjwa aelezwe hilo kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa.