Tovuti ya Mshauri wa Pesa Ifanane na Sanduku la AVEC



Tangu mabenki ya Goma yafunge milango mwishoni mwa Januari 2025, maswali ya pesa yamekuwa mengi. Makuta kidogo yanayobaki yawekwe wapi? Kwenye simu? Kwa dola? Ndani ya AVEC? Aliyesoma uhasibu au uchumi anaweza kuwashauri watu kwa kujitegemea, na aliyesoma informatiki akamtengenezea tovuti. Kazi ni nzuri, lakini iko na mtego. Wengi tunafikiria kwanza picha ya jengo refu la ng'ambo, bwana mwenye koti na tai, na maneno makubwa: "Ongeza utajiri wako leo!"

Shida ni kwamba tapeli naye anaweza kuweka picha zilezile. Uzuri wa tovuti hauthibitishi kitu. Kwa hiyo usianze kujiuliza itapendeza namna gani. Jiulize: mgeni ataweza kuhakikisha nini kabla hajatoa hata franka moja?

Mwaka 1991 unatufundisha. Kinshasa, watu walipeleka akiba zao kwa Bindo Promotion na wenzake, wakiahidiwa kwamba pesa itazaa mara nyingi. Waliotangulia walilipwa kwa pesa ya waliofuata, na mwisho yote yakaanguka. Mwaka uleule, Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha pamoja na akina mama vikundi vya akiba, mfano wa hizi AVEC zetu. Huko pesa inahesabiwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hata asiyejua kusoma anakagua. Tovuti ya mshauri nayo iwe na funguo tatu, zote kwenye ukurasa wa kwanza.

Ufunguo wa kwanza: wewe ni nani. Weka jina kamili, sura yako mwenyewe, mahali unapofanyia kazi, ulichosomea, na pia usichofanya. Kupokea akiba za watu ni kazi ya taasisi zenye kibali cha Benki Kuu ya Congo, na biashara ya bima inasimamiwa na ARCA, chini ya sheria ya 2015. Ukiwa na kibali, andika namba yake. Kama huna, andika wazi: "Natoa ushauri tu. Siuzi bima, sipokei akiba." Sentensi hiyo inakutenga na tapeli kuliko rangi yoyote.

Ufunguo wa pili: nani anakulipa. Andika bei ya kikao kimoja, kwa franka na kwa dola. Kama kuna kampuni inayokupa kamisheni ukiipelekea mteja, sema. Uingereza iliona hatari hiyo: tangu tarehe 31 Desemba 2012, mshauri wa uwekezaji anayehudumia watu wa kawaida analipwa na mteja, si kwa kamisheni ya kampuni anayoipendekeza.

Ufunguo wa tatu: pesa inapita wapi. Jibu zuri ni kwamba haipiti kwako. Namba yako ya M-Pesa au Airtel Money ni ya kulipia kikao tu, na risiti inatolewa. Usiandike kamwe "nitumie nikuwekee", wala usiahidi faida ya asilimia fulani kila mwezi.

Sasa mfikirie mama muuza maharagwe wa Kalengera, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Ana simu ndogo, jua kali, na mega za kuhesabu. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 3. Ukiipunguza hadi KB 100, unamwokolea karibu mega zote hizo. Tumia herufi kubwa, maandishi meusi juu ya nyeupe, na kitufe kimoja cha kupiga simu au kufungua WhatsApp. Andika kwa Kiswahili tunachoongea, Kifaransa kifuate. "Portefeuille diversifié" haimsaidii. "Usiweke akiba yote mahali pamoja" inamsaidia.

Na fomu? Hapa tuwe makini kabisa. Kuna zinazouliza mtu ana akiba kiasi gani, anakaa wapi, ana watoto wangapi. Kwetu, orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa mtu mbaya, watu wanaweza kugongewa mlango usiku. Omba jina la kumwitia na saa ya kumpigia, basi. Mambo ya akiba yaongelewe ana kwa ana.

Kabla ya kuiweka hewani, mpe simu mama au shangazi, nyamaza, halafu mwulize: huyu mtu ni nani, analipwa na nani, na makuta yako itabakia kwa nani? Akijibu yote matatu bila msaada wako, kazi imeisha. Akikusifu tu kwamba ni nzuri, rudi kwenye mashine.

Watu wetu wamepoteza vya kutosha. Asiyeweza kukagua ana haki ya kukataa, na tovuti yetu impe hiyo haki.