Ndege wa Nyumbani na Twahara ya Mahali pa Sala

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Kasanda, penye nyanda za juu za Kigoma, chumba kimoja hufanya kazi nyingi. Mchana wageni hukaribishwa humo, jioni watoto hudurusu Kurani humo, na wakati wa Sala mkeka hutandikwa humo humo. Jua likichwa kuku nao huingizwa ndani kwa kuwaogopa wezi na vicheche, na juu ya boriti hulala njiwa wa kijana wa nyumba. Alfajiri mama huamka akaikuta sakafu imechafuka.

Jirani yetu mmoja alitujia siku moja amejaa hasira. Mama yake ni bibi mkongwe asiyeweza kwenda mbali, naye husali katika pembe ya chumba cha namna hiyo. Siku ile, alipokwisha kutoa salamu, ilionekana kuwa pale alipokuwa akisujudu pana kinyesi kibichi cha njiwa. Bibi akairudia Sala yake huku analia, akisema kwamba huenda amesali hivyo siku nyingi. Mwanawe akaapa kuwachinja njiwa wote. Mwenye njiwa ni mtoto wake, mwanafunzi wetu, naye kwa siku tatu hakuonekana chuoni. Jirani akatuuliza: Je, dini haitutaki tuwaondoe ndege hawa?

Jawabu tulilompa twaliandika hapa, kwani twajua swali hili si la nyumba moja.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba alikuwa na ndugu yake mdogo aitwaye Abu Umair, naye alikuwa na kidege cha kuchezea. Bwana Mtume (s.a.w.) alipowatembelea alimfanyia mtoto yule mzaha mwema kwa kumwuliza habari za kidege chake. Hakumkemea kwa kufuga. Lakini katika habari hiyo hiyo limo jambo ambalo wengi hulisahau: wakati wa Sala ulipomkuta katika nyumba ile, aliamuru busati lililokuwa chini yake lifagiliwe na linyunyiziwe maji, ndipo akasimama kuwasalisha. Basi mtoto aliachiwa ndege, na mahali pa Sala palitakaswa. Hayo mawili hayapingani.

Ama hukumu ya kinyesi cha ndege, maimamu wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayoifuata, kinyesi cha ndege wote ni najisi. Imamu Malik na Imamu Ahmad hawakukihesabu najisi kinyesi cha ndege aliwaye nyama, ikiwa hali uchafu. Kwa Imamu Abu Hanifa, cha njiwa si najisi, bali cha kuku ni najisi. Hata hivyo wanazuoni wa Kishafi wamesamehe mahali palipoenea kinyesi cha ndege pasipowezekana kujikinga nacho, kama katika Msikiti wa Makka wenye njiwa wengi, maadamu kimekauka na mtu hakukusudia kukikanyaga. Msamaha huo ni wa asiye na hila. Mwenye boriti yake na njiwa wake anayo hila.

Na bibi yetu tulimtuliza: Sala aliyoiona najisi ameirudia, na zilizopita hazibatiliki kwa shaka tupu.

Vijana nao wajue kuwa kumpiga ndege kwa sababu ya uchafu ni dhuluma. Mwenyezi Mungu hakumuumba njiwa wala kuku na kibofu cha kuhifadhia mkojo. Mkojo wake ndio ile sehemu nyeupe itokayo pamoja na mavi, tena hutoka mara nyingi. Mwanadamu ndiye mwenye akili ya kumwekea mahali pake.

Kwa hiyo twanasihi haya. Kuku wajengewe banda la fito nje, karibu na dirisha la mwenye nyumba ili asikie wakishtuka, liinuliwe juu ya ardhi na liwe na mlango imara. Fito za chini ziachane kidogo ili uchafu uanguke, na chini yake pamwagwe majivu. Uchafu huo ukikusanywa na kuachwa uoze vizuri ni mbolea njema ya migomba na mahindi. Njiwa nao watundikiwe masanduku nje chini ya upenu, mbali na mlango na mtungi wa maji.

Asiyeweza haya leo, awafunike ndege wake ndani ya tenga katika pembe isiyosaliwa, chini atandike majani makavu na kuyabadili kila siku. Asitandike karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu, wala kurasa za gazeti hili. Na mkeka wa Sala ukunjwe na kutundikwa kila baada ya Sala.

Wakati wa kusafisha, kinyesi kikavu kinyunyiziwe maji kwanza, kwani vumbi lake laweza kupeleka maradhi mapafuni. Kisha kikwanguliwe hadi kiishe, ndipo maji yamwagwe juu ya mahali pale, kama Bwana Mtume (s.a.w.) alivyoamuru ndoo ya maji imwagwe pale bedui alipokojoa msikitini. Mikono ioshwe kwa sabuni, maana uchafu huu huleta kuhara, na mtoto atambaaye hutia kinywani kila aokotacho.

Wala tusisahau kwamba aliyemfunga ndege amechukua dhamana ya chakula na maji yake. Bwana Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa kwa njaa.

Njiwa wa mwanafunzi wetu hawakuchinjwa. Baba na mtoto walikata fito pamoja, na masanduku yakawekwa nje kabla ya mvua kuanza. Mtoto amerudi chuoni, na kila alfajiri yeye ndiye afagiaye pembe ya bibi yake na kumtandikia mkeka.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye twahara na nyoyo zenye huruma. Amin.