Usimwambie Achore Alichokikimbia

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Mto Ruvuma kuja kusini mwa Tanzania, na baadhi yao wakapewa ardhi Rutamba, mkoani Lindi. Wachongaji wa Kimakonde kutoka upande ule walikuwa wameshatangulia miaka mingi. Mmoja wao, Roberto Yakobo Sangwani, anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa ujamaa: gogo moja la mpingo, watu tele wamepandana na kushikana, huoni huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi.

Huukumbuka mtindo huo kila ninapoulizwa vipindi vya sanaa kwa vijana wanaoomba hifadhi viendeshwe vipi. Wengi hutaka kuanza na karatasi na agizo: chora nyumbani kwenu, chora safari yako. Mimi nalikataa agizo hilo. Kijana huyu ameshajieleza mpakani, akajieleza tena kwa maofisa wanaopima kama maneno ya leo yanalingana na ya juzi, na hatima yake imo katika majibu hayo. Ukimdai picha ya usiku aliokimbia, umemrudisha kwenye mahojiano. Tena kumbukumbu ya hofu haiji kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Huja vipande vipande, moyo ukimwenda mbio na viganja vikitoka jasho, na kipindi kikiisha kijana hulala nayo peke yake.

Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imepokea Wakongomani tangu 1996, na wapo waliozaliwa na kukulia humo. Aliyezaliwa humo naye achore nyumbani kupi?

Pwani ya Lindi na Kilwa ina kazi inayofaa zaidi: ukili. Ukindu huchanwa chane, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha husukwa ukili mrefu mwembamba. Kili zikitosha hushonwa pamoja, ndipo mkeka upatikane. Utaratibu huo ni hazina kwetu. Kila mmoja ana ukili wake, aliyechelewa kujiunga hajaharibu kitu, na wa mgeni hushonwa ubavuni mwa ule wa mwenyeji, kama watu walioshikana katika gogo la Sangwani. Kijana asiyejua kesho yake itakuwaje anajua chane hii ipite juu na ile ipite chini. Macho yako vidoleni, hakuna anayemkodolea mwenzake, na maneno huja yenyewe: mpira, chakula, siku moja jina la dada. Jina hilo likitoka, mwezeshaji asikilize tu. Asichimbe, asiandike. Akiona kijana anazidiwa, ampeleke taratibu kwa mtaalamu wa ushauri.

Mwalimu awe bibi wa hapohapo kijijini, anayesuka tangu utotoni, na wajukuu zake wakae kwenye duara lilelile. Wavulana wakisema mikeka ni kazi ya wanawake, wasibishiwe. Wapewe uzi wa nyavu, na mvuvi awafundishe kushona jicho la wavu.

Jambo moja nawasihi wafadhili na wapiga picha: sura ya kijana isirushwe mitandaoni. Aliowakimbia nao wana simu. Na alichokisuka ni mali yake: akiuze, akigawe, au aufumue ukili wote aanze upya, pasipo kuulizwa sababu.