Kupauka kwa Plastiki za Gari, na Namna ya Kuzirudishia Weusi Wake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jinsi nilivyozirudishia weusi plastiki za gari la mjomba wangu wakati wa likizo ya Juni. Nimekubali, ila yanibidi nianze na kosa langu, kwa sababu mara ya kwanza niliifanya kazi hiyo vibaya, nikamharibia mjomba biashara.

Mjomba huchukua samaki kutoka soko la Feri na kuwapelekea wauzaji wa Kariakoo na Ilala. Wakati ule gari lake lilikuwa Suzuki Carry, lile gari dogo la mizigo ambalo watu wote huliita Kirikuu. Aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, na tangu mnada uanze mpaka mchana gari lilisimama kando ya maji, si mbali na pale watu wanapongojea pantoni ya Kigamboni. Basi halikukosa jua, wala halikukosa chumvi. Bodi lake jeupe lilikuwa bado zuri, na injini haikuwa na neno. Lakini bampa ya mbele, vishikio vya milango na vifuniko vya vioo vya pembeni, ambavyo ni plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, vilikuwa vimepauka hata vikafanana na majivu.

Mwezi ule mjomba alitaka kuliuza. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamenunua mashine ya boti kwa shirika, naye alikuwa hajamaliza kulipa fungu lake. Wenzake walimpa muda mpaka mwisho wa Julai, na asipolipa fungu lake apewe mtu mwingine. Alitaka shilingi 6,000,000. Akaja mnunuzi kutoka Kariakoo, akalizunguka gari, akapitisha kidole juu ya bampa, akakitazama kidole kimeingia vumbi jeupe.

"Gari limechoka hili, mzee," akasema. "Nitakupa milioni tano."

Mjomba akamwomba arudi kesho kutwa wazungumze.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua kopo la oili chafu na tambara, nikapaka kila palipopauka. Nikalala kwa furaha, maana gari lilikuwa kama jipya. Asubuhi mnunuzi akaja, akashangaa, akaanza kulitazama kwa jicho jingine. Hazikupita dakika kumi, yakaanguka manyunyu. Oili ikashuka kutoka kwenye vioo na vishikio, ikachora michirizi myeusi juu ya milango myeupe, na mnunuzi aliyekuwa ameuegemea mlango mmoja akaipata sehemu yake kwenye suruali. Alisema neno moja tu: "Kama bampa mmeificha, injini je?" Akaenda zake.

Mjomba hakunigombeza. Aliniangalia, kisha akaenda kutafuta sabuni. Afadhali angenigombeza.

Siku ile ile nilimwendea mwalimu wetu wa kemia nyumbani kwake. Hakucheka. Aliniagiza nichungulie nyuma ya bampa, upande usioonekana, nimletee maandishi nitakayoyakuta huko. Nililala chali chini ya gari nikayaona, yamepigwa chapa katika plastiki yenyewe: PP+EPDM-T10. Nikaona na jambo jingine ambalo sikuagizwa kulitazama. Upande ule wa nyuma, nilipoufuta tope, ulikuwa mweusi kabisa. Plastiki ni ile ile na umri ni ule ule, lakini haukupata kuliona jua.

Maandishi yale yana maana. PP ni polipropilini. Giulio Natta wa Italia ndiye aliyeitengeneza katika maabara yake mwaka 1954, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi zao za namna hiyo. EPDM ni aina ya mpira unaochanganywa humo ili bampa ikigongwa ipinde kabla ya kuvunjika. T10 ni unga wa jiwe laini liitwalo talki, sehemu 10 katika kila sehemu 100 za uzito. Weusi wenyewe hutoka kwa masizi laini sana, ndugu wa masizi yanayotiwa katika matairi.

Sasa, katika nuru ya jua mna miali isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, iliyogunduliwa na Johann Wilhelm Ritter mwaka 1801. Molekuli ya polipropilini ni kama mnyororo mrefu. Miali hiyo huukata mnyororo, na penye mkato oksijeni ya hewani huingia, ikazidi kuvunjavunja. Minyororo ikiwa mifupi haina nguvu ya kushikana, kwa hiyo ngozi ya juu ya plastiki hufanya nyufa nyembamba kuliko unywele, na unga wa talki hubaki wazi. Hilo ndilo vumbi aliloliona mnunuzi kwenye kidole chake. Viwanda hutia dawa ya kuipunguza makali miali hiyo, na masizi nayo husaidia, lakini kinga hiyo ina mwisho. Tena tukumbuke tunapokaa. Hapa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata katika miezi mingine haliendi mbali.

Jambo lililonishangaza ni hili, kwamba masizi hayapauki. Weusi haukuondoka, umo ndani vile vile. Ila ngozi iliyo juu yake imeparuza, na nuru ikipiga mahali palipoparuza hutawanyika huku na huku, nasi twaona weupe. Nenda ufukweni pale Feri utazame mchanga: mkavu ni mweupe, ulioloa ni wa kahawia. Maji yamejaza nafasi kati ya punje, nuru haitawanyiki tena kama kwanza. Au tazama miguu ya mwanafunzi aliyechelewa gwaride la asubuhi bila kujipaka mafuta. Ngozi yake haikubadilika rangi, imepauka tu.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, mwagia maji mahali penye kijivu. Pakiwa peusi pakiwa na maji, kisha pakarudia ujivu pakikauka, ni ngozi iliyoharibiwa na jua. Ukiosha vizuri na ule weupe usirudi, ilikuwa chumvi au nta ya kung'arishia bodi iliyoganda katika vinyweleo vya plastiki, na kazi yako imekwisha kwa sabuni peke yake.

Hapo pia nilielewa kosa langu. Oili hufanya kazi ile ile ya maji: hujaza nyufa. Haikauki, haishiki, hukusanya vumbi, na mvua huishusha. Kadhalika mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na kiwi ya viatu, ambavyo vyote nimeona watu wakivitumia. Lakini oili chafu ni mbaya kupita vyote, kwa kuwa mna sumu zinazodhuru ngozi ya mtu, nami nilikuwa nimeipaka kwenye vishikio vya gari linalobeba kitoweo.

Wako mafundi wanaotumia chombo cha umeme kinachopuliza hewa ya moto. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, kwa hiyo ngozi ya juu hulainika, nyufa hujifunga, na weusi huonekana papo hapo kama mazingaombwe. Fundi mmoja wa Gerezani aliniruhusu nijaribu kwenye kipande cha bampa mbovu. Nilikawia kidogo mahali pamoja, na vile vipele vidogo vya urembo vilivyo juu ya plastiki vikalala, pakabaki doa linalong'aa kama kovu la moto. Tena minyororo iliyokatika haiungiki kwa joto, na jua huendelea palepale lilipoachia. Sikuthubutu kuligusa gari la mjomba kwa chombo kile. Kupaka rangi nako kwawezekana, ila polipropilini haipendi kushikwa na rangi. Bila rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki, hubanduka kama maganda.

Nilichagua dawa ya kupaka ambayo hukauka na kuganda juu ya plastiki. Kichupa kilinigharimu shilingi 35,000 Kariakoo, akiba yangu yote. Maduka ya vipuri yana chupa nyingi zenye picha za magari yanayong'aa, na nyingi kati yake ni mafuta tu. Muulize muuza duka kama dawa hukauka ikawa ngumu au hubaki na unyevu. Akikuruhusu, paka tone moja kwenye kipande kibovu, ulifute kesho yake kwa tambara la maji ya sabuni. Tambara likitoka na mafuta, mrudishie chupa yake.

Kazi yenyewe, tisa kwa kumi ni kusafisha. Niliosha kwa maji ya sabuni na dodoki, nikasugua vipele kwa mswaki mzee, nikasuuza, nikaosha tena. Mabaki ya oili yangu yalinitesa jioni mbili nzima. Kisha nikafuta kwa tambara lenye spiriti kidogo. Petroli na thina usiziguse, maana huivimbisha plastiki hii pamoja na mpira uliomo. Nikaacha pakauke usiku kucha, kwa sababu maji yakibaki katika nyufa dawa haishiki. Asubuhi, kabla ya jua kali, nikabandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi kwenye kingo za bodi, nikapaka dawa kidogo kidogo kwa kipande cha sponji, nikafuta iliyozidi kabla haijaganda. Nikapaka mara ya pili. Mjomba akaliacha gari chini ya mwembe siku nzima, akakodi la mwenzake kwa kazi ya siku ile.

Rangi haikuwa ya kung'aa kama ile ya oili. Ilikuwa nyeusi iliyotulia, kama upande wa nyuma. Niliimwagia ndoo ya maji na kuifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka cheupe.

Mnunuzi wa pili alikuja katikati ya Julai. Kabla hajauliza kitu, mjomba alimpeleka pembe ya kushoto ya bampa, akamwonyesha ufa wa urefu wa kidole ambao mimi nilidhani haungeonekana tena. Kisha akaniita. "Mweleze ulichokipaka." Nikaona haya, lakini nikamweleza yote, na kwamba dawa hiyo haidumu milele: jua litaila, na itampasa kupaka tena. Yule mtu akasikiliza, akafungua boneti, akaisikiliza injini kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyonisikiliza mimi. Walipatana kwa shilingi 5,600,000. Mjomba alilipa fungu lake zikiwa zimebaki siku kumi na moja.

Mwezi wa Januari nililiona gari lile Mtaa wa Msimbazi, limebeba matenga ya nyanya. Nilisimama nikaliinamia kama mganga. Ukingo wa juu wa bampa, unaotazama mbingu, ulikuwa umeanza kupauka kwa upana wa kidole kimoja. Upande wa chini ulikuwa bado mweusi. Mwenyewe akashuka, akanitambua, akaniuliza ile dawa inauzwa duka gani.