Fahamu: Vigeu vya mazingira katika kazi za klasta

Kigeu cha mazingira ni jina linalobeba thamani ambayo programu huisoma inapofanya kazi. Katika klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja) ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, foleni ya kazi husimamiwa na programu ya Slurm. Mtafiti aliyeketi nyumbani Baba Dogo hutuma skripti kwa amri ya sbatch. Zamu ikifika, Slurm huiwekea vigeu vyake. SLURM_JOB_ID hushika namba ya kazi, SLURM_ARRAY_TASK_ID namba ya kipande cha kazi iliyogawanywa, hivyo kwa --array=1-100 skripti moja huchambua sampuli 100.

Mtego unaonasa wengi uko kwenye mistari ya #SBATCH, inayobeba maagizo ya Slurm mwanzoni mwa skripti. Kwa bash, programu inayoendesha skripti, hayo ni maelezo tu, na sbatch haifasiri vigeu humo: ikiandikwa --output=$HOME/matokeo.txt, $HOME hubaki maandishi matupu. Thamani kama hiyo hupitishwa kwenye amri yenyewe.