Kompyuta yetu ilivyomtoza mama faini ya uongo

WENZANGU mliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo mnaijua tabu ya saa. Tumesoma Tanzania, tukarejea Burundi, na huku saa iko nyuma kwa saa moja. Anayevuka Manyovu kuja Mugina hurudisha mshale. Wafanyabiashara wengi hawajisumbui, wanahesabu kichwani.

Nilidhani tatizo ni hilo, siku mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alipokuja juu. Marejesho hupokelewa mwisho saa kumi jioni, na anayechelewa hulipa faini ya faranga 2,000. Risiti yake ilisoma 16:15, yaani saa kumi na robo. Mweka hazina akamtoza.

"Mwalimu," akaniambia, "nimefika hapa saa nane na robo. Hata kwa saa ya Kigoma ni saa tisa na robo. Hiyo kumi mmeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu.

Ndani ya kompyuta mna saa inayotembea hata umeme ukikatika, kwa nguvu ya betri ndogo kama sarafu, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ukiwasha mashine, programu kuu huisoma saa hiyo, kisha inaendesha ya kwake, ile unayoiona kwenye skrini. Basi mimi, kwa kuchoshwa na virusi, nilikuwa nimeweka Linux pembeni ya Windows. Windows huichukulia saa ya ndani kuwa ni ya hapa tulipo. Linux kwa kawaida huichukulia kuwa ni saa ya dunia, UTC, kisha huongeza saa za nchi: Burundi 2, Tanzania 3. Saa nane na robo yetu ikaongezewa mbili juu. Penye intaneti kosa hili hujisahihisha lenyewe. Ofisini kwetu haipo.

Niliwasha Linux, nikarekebisha saa ya skrini kwa kutazama simu, ndipo nikaandika amri timedatectl set-local-rtc 1. Tangu hapo Linux nayo inaihesabu saa ya ndani kuwa ya hapa. Wataalamu hawaipendi njia hii kwa sababu ya nchi zinazobadili saa kila msimu, lakini sisi hatubadili. Mwenye Linux peke yake aiache saa ya ndani kwenye UTC, atumie hwclock --systohc kunakili saa ya skrini kwenda ndani. Asahihishe ya skrini kwanza, la sivyo atanakili kosa.

Na kama kila ukiwasha tarehe imerudi miaka ya nyuma, usihangaike na amri. Badilisha betri.

Mama alirudishiwa 2,000 zake. Risiti nyingine bado nazipitia, nikikumbuka siku ipi niliwasha ipi. Yeye siku hizi huja na simu mkononi, ananionyesha saa kabla sijachapa chochote.