Je, Wajua? Konokono, Molasi na Bima ya Biashara Yako

Je, wajua kwamba konokono mmoja aliwatia kiwewe wenye viwanda? Agosti 1928, mjini Paisley, Uskoti, mama aitwaye May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, ndani huoni kitu. Alikuwa keshakunywa kiasi. Rafiki akammiminia iliyobaki na, kwa maelezo yake, hapo ndipo alipotoka konokono aliyeoza!

Sasa sikia. Mama yule hakulipa hata senti, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hata hivyo, mwaka 1932 majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mwenye kiwanda anawajibika hata kwa mnywaji asiyemjua. Na huyo konokono hakuwahi kuthibitishwa mahakamani! Mwenye kiwanda alifariki, mambo yakamalizwa nje kwa pauni 200. Hadi leo mawakili wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaitaja kesi hiyo.

Unauza juisi? Mandazi? Basi konokono huyo anakuhusu. Bima ya kukukinga naye inaitwa bima ya dhima, na ajabu yake ni kwamba haikulipi wewe: humlipa uliyemdhuru. Ile bima ya moto uliyokata kwa kawaida hulijenga upya duka lako tu. Jirani aliyeunguliwa hana chake humo.

Je, wajua kahawa ya senti 49 ilizaa hukumu ya karibu dola milioni 2.9? Ilikuwa Albuquerque, Marekani: mwaka 1992 bibi wa miaka 79 aliungua vibaya kwa kahawa ya McDonald's. Aliomba dola 20,000, akaambiwa chukua 800. Baraza la wazee wa mahakama likasikia kwamba malalamiko ya namna hiyo yalishafika zaidi ya 700! Jaji alipunguza fidia hadi kama dola 640,000, kisha pande mbili zikapatana.

Umewahi kusikia mafuriko ya molasi? Januari 15, 1919, tangi la mita 15 lilipasuka Boston. Lita zaidi ya milioni 8 zilimwagika barabarani, watu 21 wakafa na wapatao 150 wakajeruhiwa. Tangi lilikuwa likivuja, na kampuni ikalipaka rangi ya kahawia ili mvujo usionekane! Mahakamani ikadai ni bomu la wahalifu. Haikusadikiwa, ikalipa dola 628,000.

Lakini London, mwaka 1814, mapipa ya bia yalipasuka na kuua watu 8, ikasemwa ni kitendo cha Mungu. Kiwanda hakikulipa fidia, tena kikarudishiwa kodi ya bia iliyomwagika. Fikiria hilo!

Miaka ipatayo 3,700 iliyopita, Hammurabi wa Babeli hakuwa na mchezo: nyumba ikimwangukia mwenyewe akafa, fundi aliyeijenga anauawa. Waarabu wa kale walikuwa na njia ya upole zaidi. Mtu akiua kwa bahati mbaya, ukoo mzima ulichanga dia, yaani fidia ya damu. Utaratibu huo, aqila, ni mmoja wa mizizi ya bima ya Kiislamu ya leo, takaful.

Na meli je? Baada ya Titanic kuzama, wenye meli walishika sheria ya Marekani ya mwaka 1851 na kudai dhima yao isizidi dola 92,000 hivi, thamani ya mashua zilizopona pamoja na nauli. Mwaka 2024 meli Dali iliangusha daraja Baltimore. Wenye meli wakashika sheria ileile!

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba Kenya, bima ya lazima ya gari inaishia shilingi milioni 3 kwa kila mdai? Mahakama ikitoa zaidi, ziada ni yako. Mfanyakazi akifa kazini, sheria ya fidia kwa wafanyakazi, WIBA, ya mwaka 2007 inataka familia yake ilipwe mishahara ya miezi 96. Na dereva wa lori, Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari ya kuvukia mipaka, inakuvusha hadi Tanzania, ingawa Tanzania si mwanachama wa jumuiya hiyo!

Hili sasa lishike vizuri, maana ndipo wengi wanapokwama. Mteja akiteleza kwenye sakafu uliyopiga deki, hiyo ni dhima kwa umma. Akaugua kwa chapati uliyomuuzia akaila kwake, hiyo ni dhima ya bidhaa. Akafilisika kwa mahesabu uliyomfanyia, hiyo ni dhima ya kitaaluma. Zinaweza kuwa bima tatu mbalimbali! Tena ile ya kitaaluma mara nyingi hulipa dai linaloletwa bima ikiwa hai tu. Funga ofisi mwaka huu, ushtakiwe mwakani: huna kinga.

Na wafanyakazi wako je? Uingereza, mwajiri asiyekata bima ya wafanyakazi anaweza kupigwa faini ya pauni 2,500 kwa kila siku. Kila siku!

Hebu itoe bima yako kabatini leo. Tafuta neno dhima, kisha angalia kikomo kilichoandikwa. Usipoliona, mpigie wakala wako kabla hujafungua duka kesho.